Kuweka ruta igawe anwani za IP yenyewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila mara na watu wanaofunga mtandao wa nyumbani au wa ofisi ndogo. Majibu yanahusu ruta yoyote ya kawaida. Kwenye mifano nimetumia mtandao wa 192.168.1.x; wewe badilisha tarakimu zilingane na zako. Kama mtandao umekwama na una haraka, ruka moja kwa moja hadi swali la 169.254.

DHCP ni kitu gani hasa?

Ni utaratibu wa kifaa kuomba anwani na ruta kukipa. Simu ikiingia kwenye Wi-Fi haijui lolote: haina anwani, haijui ruta iko wapi. Basi inapiga mbiu: "Nani anagawa anwani hapa?" Ujumbe huo unatoka 0.0.0.0, kwa kuwa mtumaji bado hana anwani, na unakwenda 255.255.255.255, yaani kwa kila aliyemo kwenye mtandao. Ruta inajibu: "Ninayo 192.168.1.104, unaitaka?" Simu inasema naitaka, ruta inathibitisha na kuiandika kwenye daftari lake. Hatua nne tu, na kwa kawaida zinakwisha kabla hujaiweka simu mezani.

Pamoja na anwani, simu hupewa maski ya mtandao (ile 255.255.255.0), anwani ya lango la kutokea kwenda intaneti, anwani za DNS (seva zinazogeuza majina ya tovuti kuwa namba), na muda wa kukaa na hayo yote. Ukikosea kimoja kati ya hivyo kwenye ruta, umewakosesha wote, na hapo ndipo uzuri na hatari ya utaratibu huu vilipo.

Zamani ilikuwa kazi kweli. Utaratibu uliotangulia, BOOTP wa mwaka 1985, ulimtaka msimamizi aandike kwenye faili anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe) ya kila mashine na IP yake. DHCP ikaja 1993, na maelezo yanayofuatwa hadi leo kwa IPv4, yaani anwani za aina hii ya 192.168.1.x, yaliandikwa 1997.

Ruta yangu tayari inagawa, au niwashe mimi?

Ruta za nyumbani karibu zote hutoka kiwandani zikiwa zinagawa. Kama simu yako inaingia kwenye Wi-Fi na kupata intaneti bila wewe kuandika namba yoyote, DHCP inafanya kazi.

Naingiaje kwenye mipangilio?

Tafuta anwani ya lango. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika `ipconfig`, utazame mstari wa "Default Gateway". Kwenye simu, gusa jina la Wi-Fi uliyounganishwa nayo, ufungue maelezo yake. Mara nyingi utakuta 192.168.0.1 au 192.168.1.1, ruta za MikroTik huja na 192.168.88.1. Andika namba hiyo kwenye kivinjari, pale juu panapoandikwa anwani za tovuti. Jina la mtumiaji na nenosiri la mwanzo mara nyingi viko kwenye stika chini ya ruta. Ukishaingia, badilisha hilo nenosiri kabla ya jambo jingine lolote.

Tumia kompyuta iliyochomekwa kwa kebo kama unaweza. Ukibadilisha mipangilio kwa Wi-Fi halafu Wi-Fi ikakatika katikati, utabaki hujui kama ruta imehifadhi au haijahifadhi.

Nimefika kwenye ukurasa wa DHCP. Nijaze nini?

Ukurasa huo huwa chini ya "LAN", "Network" au "Local Network", kutegemea aliyeitengeneza ruta. Hivi ndivyo ninavyoujaza wa kwangu:

Kwanza, anwani ya ruta yenyewe: 192.168.1.1, maski 255.255.255.0. Hii maana yake ni kwamba namba tatu za mwanzo (192.168.1) ni za mtandao, na ya mwisho ni ya kifaa. Ya mwisho inaweza kuwa 1 hadi 254, kwani 0 ni jina la mtandao wenyewe na 255 ni ya kupigia mbiu.

Kisha fungu la kugawa, linaloandikwa "Start IP" na "End IP" au "Address Pool": 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199. Hapo nina anwani mia moja kamili za kugawa. Kuanzia 2 hadi 99 naziacha kwa vifaa visivyotakiwa kuhamahama.

Lango: 192.168.1.1, yaani ruta yenyewe. Ruta nyingine huacha nafasi hii wazi au na 0.0.0.0, ikimaanisha "weka yangu". Usiijaze namba ya kubuni. Nimekuta lango limeandikwa 192.168.1.254 na mtu aliyenakili kutoka mtandao mwingine. Kila simu ilipata anwani, Wi-Fi ilijaa mistari yote, na hakuna iliyotoka nje.

DNS: iache kama ilivyo, au weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Ukiweka mbili, usidhani ya pili ni ya akiba tu isiyoguswa mpaka ya kwanza ife. Vifaa vingine huzitumia zote mbili. Kwa hiyo kama umechagua DNS ya kuchuja tovuti za watu wazima kwa ajili ya watoto, ya pili nayo iwe ya kuchuja, la sivyo umejenga ukuta ukaacha mlango wazi.

Hifadhi. Ruta inaweza kujizima na kujiwasha, isubiri.

Kwa nini fungu lisianze 2 hadi 254 nisiwaze tena?

Unaweza, na kwa nyumba yenye simu nne na televisheni hutaona tofauti. Tatizo linakuja siku utakapotaka kifaa kimoja kiwe na anwani ya kudumu na huna sehemu ya kukiweka ambayo ruta haitaigawa. Kutenga nafasi leo kunachukua sekunde kumi. Kuihamisha mwakani, wakati kamera tatu na printa mbili zimeshatawanyika ndani ya fungu, kunachukua alasiri nzima.

"Lease time" ni nini na niweke ngapi?

Ni muda wa mkopo. Anwani hupewi iwe yako, unaazimwa. Nusu ya muda ikifika, kifaa kinarudi kimyakimya kwa ruta kuomba kuongezewa. Kikikosa jibu kinaendelea kujaribu, na muda ukifika asilimia 87.5 kinaacha kumtafuta aliyempa na kuanza kumuomba mgawaji yeyote. Muda ukiisha bila jibu, lazima kiiachie anwani.

Nyumbani, saa 24 zinatosha. Angalia kipimo lakini: ruta nyingine huandika dakika, nyingine sekunde. Siku moja ni dakika 1440 au sekunde 86400. Mtu akiandika 24 kwenye nafasi ya dakika, vifaa vyake vitakuwa vinaomba nyongeza kila baada ya dakika kumi na mbili. Havitakufa, ila ni kelele isiyo na sababu.

Penye wageni wanaopita, muda mrefu ni sumu. Piga hesabu: una anwani 100, mkopo wa saa 24, na watu 150 wanaingia na kutoka kwa siku. Hata kama hawazidi ishirini kwa wakati mmoja, kufikia mchana fungu limekwisha, maana ruta bado inawatunzia nafasi walioondoka asubuhi. Hapo weka saa moja au mbili.

Printa yangu inapotea kila mara. Niandike anwani kwa mkono ndani ya printa?

Usiandike. Nilifanya hivyo kwangu, na nitakusimulia ili usirudie.

Niliipa printa 192.168.1.105 kupitia kioo chake kidogo, nikaridhika. Fungu langu la kugawa lilikuwa 100 hadi 199. Kwa siku kadhaa kila kitu kilikwenda sawa. Halafu ikaanza tabia: siku nyingine inachapa, siku nyingine laptopu inasema printa haipo. Nilibadilisha kebo, nikaweka upya programu ya printa, nikaisukuma karibu na ruta. Mwishowe nikafungua orodha ya vifaa kwenye ruta, nikaona 192.168.1.105 imeandikwa jina la simu ya mtoto. Nilikuwa naizima printa usiku. Ruta haikujua kwamba namba hiyo ina mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika upande wa pili bila kuiambia. Simu ilipoomba, ikapewa. Asubuhi printa ikawaka na kudai namba ileile, na laptopu ikawa inapeleka kurasa zangu kwa simu.

Njia sahihi ni kuitengea anwani kwenye ruta. Printa iache kwenye hali ya kuomba yenyewe. Kwenye ruta tafuta "Address Reservation", "Static Lease" au "IP & MAC Binding", weka anwani ya MAC ya printa (tarakimu na herufi kumi na mbili, mfano A4:5D:36:0B:7C:12, huwa kwenye stika au kwenye ukurasa wa majaribio inaochapa), andika 192.168.1.20, hifadhi, kisha zima na uwashe printa. Tangu hapo itapewa 20 kila ikiomba. Ruta chache hudai anwani iliyotengwa iwe ndani ya fungu la kugawa. Kama yako inakataa 20, chagua iliyo ndani, ruta yenyewe itajua kutoigawa kwa mwingine.

Faida yake kubwa utaiona baadaye: orodha yote iko sehemu moja. Ukibadilisha mtandao wako kuwa 10.0.0.x, huzunguki chumba hadi chumba ukibonyeza vioo vidogo vya printa na kamera.

Nimeitengea simu anwani lakini inapewa nyingine.

Simu imebadilisha MAC yake. Tangu Android 10 na iOS 14, simu huonyesha kila Wi-Fi anwani ya MAC ya kubuni ili isifuatiliwe inakokwenda. Ile iliyoandikwa kwenye boksi la simu siyo inayoonekana na ruta. Soma MAC kutoka kwenye orodha ya ruta wakati simu imeunganishwa, au zima kipengele hicho kwa Wi-Fi ya nyumbani peke yake: iPhone hukiita "Private Wi-Fi Address", Android utakikuta kwenye faragha ya mtandao husika. Kwenye Wi-Fi za ugenini kiache kikifanya kazi.

Kompyuta imejipa 169.254 na kitu. Imetoka wapi hiyo?

Imejipa yenyewe. Kifaa kikiomba na kuomba bila kujibiwa, hukata tamaa na kujichagulia anwani inayoanza na 169.254. Ukiiona, usihangaike na mtoa huduma wako wa intaneti. Kilio hiki ni kati ya kompyuta na ruta tu, intaneti haijafikiwa bado. Simu ya Android yenyewe haikuonyeshi namba hiyo, inabaki imeandika kwamba inapata anwani ya IP, kisha inakata.

Mimi huanza na kebo: ichomoe, ichomeke tundu jingine la ruta. Kisha natazama kama vifaa vingine vinapata anwani. Kama vingine vinapata na hiki hakipati, kasoro iko kwenye kifaa. Kwenye Windows andika:

`ipconfig /release`
`ipconfig /renew`

Amri ya kwanza inairudisha anwani kwa ruta, ya pili inaomba upya. Kwenye simu, sahau mtandao kisha ingia tena.

Kama hakuna kinachopata, ama seva ya DHCP imezimwa kwenye ruta, ama fungu limejaa. Fungua orodha ya wateja, "DHCP Client List", uhesabu. Na kama vya zamani vinafanya kazi ila vipya tu ndivyo vinavyokwama, usitafute zaidi: fungu limejaa. Punguza muda wa mkopo, uongeze fungu, uwashe ruta upya.

Jambo dogo ambalo watu husahau: nenosiri la Wi-Fi lililokosewa, kwenye vifaa vya zamani hasa, linaweza kujionyesha kama tatizo la anwani. Andika upya nenosiri kabla ya kufungua ruta.

Nimeongeza ruta ya pili ili Wi-Fi ifike mbali, sasa baadhi wana intaneti na wengine hawana.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na wagawaji wawili hawakai mtandao mmoja. Kifaa kikipiga mbiu, ruta zote mbili husikia na zote hujibu, na kwa kawaida kifaa hukubali ofa iliyowahi kufika. Ndiyo maana tatizo linaonekana la bahati nasibu: aliyejibiwa na ruta ya kwanza anatoka nje, aliyejibiwa na ya pili anaelekezwa kwenye lango lisilokwenda popote.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi yenye shida hii hasa. Walikuwa wameshabadilisha kifurushi cha intaneti kwa hasira. Kompyuta zilizokuwa nzima zilikuwa na 192.168.1.x, zilizokwama zilikuwa na 192.168.0.x, mtandao ambao mkuu wa pale aliapa haupo. Niliandika `arp -a`, amri inayoonyesha IP za jirani na MAC zake, kwenye moja ya zilizokwama, nikaipata MAC ya hilo lango la 192.168.0.1, kisha tukaanza kufuata kebo moja baada ya nyingine. Tuliikuta chini ya meza ya mhasibu, imefunikwa na boksi la karatasi: ruta ndogo aliyoileta mtu ili apate matundu zaidi ya kebo. Alihitaji swichi. Tulizima DHCP yake, ofisi nzima ikapona bila kuigusa ruta kuu.

Ukitaka ruta ya pili isambaze Wi-Fi tu, fuata mpangilio huu, na usiubadilishe. Ikiwa bado haijaunganishwa na ya kwanza, chomeka kompyuta kwayo na uingie. Badilisha anwani yake ya LAN (upande wa mtandao wa ndani) iwe 192.168.1.2, nje ya fungu la ruta kuu. Itakutoa; ingia tena kwa 192.168.1.2. Sasa zima seva ya DHCP, hifadhi. Mwisho ndipo uchukue kebo kutoka tundu la LAN la ruta kuu hadi tundu la LAN la hii ya pili. Tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti, liache tupu. Ruta mpya nyingi zina hali ya "Access Point" inayofanya yote haya kwa kubofya mara moja. Kama yako inayo, itumie.

Nimebadilisha DNS kwenye ruta, vifaa bado vina ile ya zamani.

Vitaipata vikiomba nyongeza ya mkopo. Zima na uwashe Wi-Fi ya kifaa kama huwezi kusubiri.

Nimezima DHCP kwa bahati mbaya na sasa siwezi kuingia kwenye ruta.

Unaweza. Chomeka kompyuta kwa kebo, uipe anwani kwa mkono: IP 192.168.1.50, maski 255.255.255.0, lango 192.168.1.1. Fungua kivinjari, nenda 192.168.1.1, washa DHCP, kisha rudisha kompyuta kwenye hali ya kuomba yenyewe. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na wiki ijayo mtu anahangaika kwa nini laptopu yake haifanyi kazi kwingine.

Usikimbilie kitufe cha kufuta kila kitu kilicho nyuma ya ruta. Kitarudisha DHCP, lakini kinaweza pia kufuta jina na nenosiri ulilopewa na mtoa huduma la kuunganishia intaneti, na kama hukuyaandika popote utakaa bila mtandao hadi wakujibu simu.

Kazini tuna MikroTik au Cisco. Hakuna ukurasa wa kubofya?

MikroTik ina msaidizi mzuri: andika `/ip dhcp-server setup`, itakuuliza swali moja moja (njia gani igawe, mtandao, lango, fungu, DNS, muda) na majibu mengi imeshayakisia. Kutenga anwani, fungua orodha ya mikopo, chagua kifaa, bofya "Make Static".

Kwa Cisco, kwanza unaitaja sehemu isiyogawiwa, kisha fungu:

```
ip dhcp excluded-address 192.168.1.1 192.168.1.99
ip dhcp excluded-address 192.168.1.200 192.168.1.254
ip dhcp pool OFISI
 network 192.168.1.0 255.255.255.0
 default-router 192.168.1.1
 dns-server 1.1.1.1 8.8.8.8
 lease 1
```

Hiyo `lease 1` ni siku moja. `show ip dhcp binding` itakuonyesha nani kapewa nini. Kama mgawaji yuko mtandao mwingine, kumbuka mbiu haivuki ruta. Inabidi ruta iibebe, kwa `ip helper-address` ikifuatwa na anwani ya mgawaji. Na kama una firewali katikati, ruhusu milango ya UDP 67 na 68, ambayo DHCP hupitia.

Nikizima DHCP, majirani hawataweza kuiba Wi-Fi yangu?

Wataweza. Aliyekwisha kupata nenosiri lako anajiandikia 192.168.1.77 kwa mkono na kuendelea. Utakayemtesa ni wewe na wageni wako. Kinga ni nenosiri refu na usalama wa Wi-Fi wa WPA2 au WPA3.

Na IPv6, nayo niigawie fungu?

Kwa nyumbani, hapana. Kwenye IPv6, aina mpya ya anwani iliyo ndefu zaidi, ruta hutangaza mwanzo wa anwani ya mtandao na kila kifaa hujimalizia chenyewe; utaratibu huo huitwa SLAAC. Ipo DHCPv6, lakini Android haiitumii kuomba anwani moja moja kama kwenye IPv4, kwa hiyo ukichagua hiyo peke yake simu za Android zitabaki bila IPv6. Acha chaguo la "SLAAC" au la "Auto".

Vifaa vimezidi 254. Nifanyeje?

Badilisha maski iwe 255.255.254.0. Mtandao wa 192.168.0.0 wenye maski hiyo unaanzia 192.168.0.1 hadi 192.168.1.254, anwani 510. Vile ulivyoviandikia maski ya zamani kwa mkono vitaona nusu tu ya wenzao, kwa hiyo vianze hivyo: virudishe kwenye kuomba, uvitengee anwani kwenye ruta, ndipo ubadilishe maski.